Lori kuukuu linapotema oili, shika kwanza mpira wa kupumulia

Lori la mjomba lilikaa chini ya mwembe pale Masasi tangu Februari, msimu wa korosho ulipokwisha, likawashwa tena Oktoba minada ilipoanza. Halikufika Ndanda. Sili ya mbele ya krenki (mpira wa kuzuia oili pale mtaimbo wa injini unapotokeza nje) ilimwaga oili, feni ikaichukua na kuipaka rejeta nzima, vumbi likaganda juu yake. Fundi aliyeitwa barabarani alifungua kifuniko cha kujazia oili, akaona moshi, akasema neno moja: "Inapumua." Kwa lugha ya gereji hiyo ni hukumu. Ringi (pete za pistoni) zimekwisha, injini ishushwe, mwenye mali atafute hela.

Hela ilikuwa bado inatafutwa pale utingo alipolala chini ya lori ili apate mahali pa kuning'iniza kidumu cha kukingia oili. Akaona ncha ya bomba la kupumulia, lile linalotoa gesi iliyonaswa ndani ya injini, imezibwa na udongo mgumu, umesawazishwa kama uliofinyangwa na mtu. Akauchokoa kwa spoku ya baiskeli. Ukadondoka udongo, na buibui wadogo wakavu. Nyigu! Wale wembamba wanaojenga kwa udongo na kuwawekea watoto wao akiba ya buibui walikuwa wamehamia humo. Tulibadilisha sili ya mbele peke yake, maana mdomo wake ulishapinduka, na lori likabeba korosho msimu mzima kwa ringi zilezile.

Ndiyo maana hapa naanza na mpira na bomba, ringi zitasubiri. Ninayoyasema yanahusu malori ya zamani: Bedford za petroli, Leyland, Mercedes 1113, Isuzu za miaka ya 1970, na lolote lililofungwa injini ya Perkins 6.354 (silinda 6, inchi za ujazo 354, yaani kama lita 5.8). Malori ya kompyuta yana mambo yake.

Injini inapumua nini

Hata ringi mpya haziibani silinda kabisa. Kila mlipuko unapopiga, gesi kidogo hupenya pembeni mwa pistoni na kushuka kwenye tumbo la krenki, huko chini oili inakokaa. Hushuka pamoja na mvuke wa mafuta yasiyoungua na mvuke wa maji. Usishangae kusikia maji: lita moja ya petroli au dizeli ikiungua hutengeneza karibu lita moja ya maji. Mengi hupita ekzosi kama mvuke, machache hushuka. Gesi hiyo lazima ipate pa kutokea. Ikikosa, presha hupanda tumboni, na kamba hukatikia pembamba: sili ya mbele, sili ya nyuma, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), au kijiti cha kupimia oili kinachochomoka chenyewe.

Malori ya zamani yalitumia njia tatu za kutolea gesi. Ya kwanza ni bomba linaloshuka ubavuni mwa injini hadi usawa wa chini ya chesisi, ncha imekatwa mshazari na mkato unatazama nyuma. Lori likienda, upepo unaopita chini huinyonya gesi, na hewa safi huingia juu kupitia kifuniko cha kujazia oili chenye wavu ndani. Udhaifu wake ni kwamba unyonyaji huo unataka mwendo. Lori likitambaa mchangani, au likisimama huku linaunguruma, hakuna cha kunyonya. Njia ya pili ni mpira unaotoka tapeti kava hadi kwenye bomba la hewa baada ya eyaklina (kichujio cha hewa), injini ikala pumzi yake yenyewe. Ya tatu ni ya petroli tu: mpira unaingia kwenye manifodi (mabomba yanayogawa hewa na mafuta kwa silinda), chini ya kabureta, ukipitia valvu ndogo yenye springi. Hiyo ilienea kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960, pale California ilipotaka magari mapya yaache kumwaga moshi huo hewani.

Makosa mengi ninayokutana nayo yamezaliwa na mtu aliyechanganya njia hizi. Lori limekuja na mpango wa kwanza, injini imebadilishwa ikaletwa yenye mpango wa tatu, spea zikakosekana, na mpira ukachomekwa pale tundu lilipoonekana.

Kipimo cha mpira na maji

Tafuta mpira mwembamba unaoonyesha, kama mita moja na nusu. Ukunje kama herufi U, ufunge kwenye ubao, mimina maji kidogo yakae kwenye mkunjo. Ncha moja ichomeke kwenye tundu la kijiti cha oili, uzibe pembeni kwa kipande cha tyubu. Ncha ya pili iache wazi. Washa injini, ipate joto la kazi, kisha tazama maji pande zote mbili, kwanza injini ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyagwa), halafu ukiikanyagia kiasi.

Namba kamili si muhimu sana. Muhimu ni kitakachotokea ukichomoa mpira wa kupumulia pale unapotoka kwenye injini. Maji yaliyokuwa yamepanda upande mmoja yakirudi kulingana, mwenye kosa ni mpira au bomba. Yasiposhuka, tazama mdomo wenyewe wa kutokea: chini yake kuna kibati au wavu wa kuzuia oili, na huziba kwa oili iliyoganda kama lami. Huo nao ukiwa safi, basi gesi ni nyingi kweli, na hapo ndipo tuzungumzie ringi, ingawa kuna mashahidi wawili wa kuwahoji kabla, nitawafikia. Maji yakivutwa kuelekea injini badala ya kusukumwa, manifodi inanyonya kuliko hewa safi inavyoingia. Mara nyingi wavu wa kifuniko cha oili umeziba.

Kama mpira wako unaingia kwenye manifodi, ukiuchomoa ziba lile tundu la manifodi, la sivyo injini itavuta hewa na kukupa majibu ya uongo. Usiweke maji mengi pia. Hatutaki kuyanywesha oili.

Kile kipimo cha kugeuza kifuniko cha oili juu chini na kutazama kama kinacheza, sikipendi. Dizeli nzima kabisa huweza kukichezesha. Nimeona injini ikishushwa kwa ushahidi wa kifuniko kilichocheza.

Sili zinavuja, kijiti kinachomoka

Ukiacha nyigu, chanzo ninachokutana nacho zaidi ni mpira usio wake. Kijana mmoja alileta lori la kubeba chumvi pale Lindi, oili inatoka mbele na nyuma. Nikamwuliza, "Kijana, huu mpira umeutoa wapi?" Akajibu bila wasiwasi, "Wa kumwagilia bustani, mzee, lakini mzima kabisa." Na kweli ulikuwa mzima, asubuhi. Injini ikishachemka, mpira wa bustani hulainika, na pale unapokunja kona hubonyea ukajiziba wenyewe. Injini ikipoa unarudi umbo lake. Ndiyo maana fundi anayekagua asubuhi haoni kosa, na dereva anayelalamika jioni anaonekana mzushi.

Mpira wa rejeta nao hudanganya kwa namna nyingine. Umetengenezwa kwa ajili ya maji. Mvuke wa oili huuvimbisha kwa ndani, tabaka la ndani likaachana na la nje, ukabaki upenyo wa penseli, na kwa nje unang'aa. Usiuamini kwa macho. Uchomoe, pitisha fimbo, au upulize: pumzi ipite bila kukazana.

Kuna pia wanaopunguza kipenyo. Mdomo wa injini ni wa inchi moja, wao wanafunga mpira wa nusu inchi kwa kuujazia mikanda ya tyubu. Nusu ya kipenyo ni robo ya nafasi. Injini yenye umri haiwezi kupumulia robo ya pua.

Na kabla ya kushusha gea boksi eti sili ya nyuma imekufa, tazama ncha ya bomba inaishia wapi. Ikiishia karibu na nyumba ya klachi, matone yake hupeperushwa na upepo yakapaka klachi yote, na kwa mtu aliyelala chini inaonekana sili ya nyuma ndiyo inayovuja. Futa pote pakauke, funga kidumu kwenye ncha ya bomba, nenda mzigo mmoja hadi Mtama na kurudi, kisha tazama tena. Sili nyingi za nyuma zimepona kwa dumu.

Povu la rangi ya chai ya maziwa

Liko chini ya kifuniko cha oili, na mwenye lori ameambiwa gasketi ya silinda hedi imeungua. Huenda ni kweli, ila uliza mambo mawili: maji ya rejeta yanapungua? Oili kwenye kijiti ina rangi hiyohiyo ya maziwa? Kama maji hayapungui na oili ya chini ni ya kawaida, huo ni mvuke tu uliogeuka maji mahali pa baridi.

Lori linalozunguka kati ya maghala na bandari ya Mtwara, mwendo wa dakika kumi, zima, washa, halipati joto la kutosha kufukuza unyevu. Mvuke unagota kwenye mpira na kurudi. Mpira ukiwa na tumbo, yaani umelegea katikati ukashuka kisha ukapanda, maji na povu hujaa hapo kama kwenye mtungi na njia inafungwa. Unyanyue ushuke moja kwa moja bila bonde. Halafu uliza thamostati (valvu inayozuia maji yasiende rejeta hadi injini ipate joto) iko wapi. Malori mengi yalitolewa thamostati zamani "ili yasichemke", na injini hufanya kazi ikiwa vuguvugu maisha yake yote. Irudishe. Lori linalochemka bila sababu lina ugonjwa wa rejeta, na hautibiwi kwa kung'oa thamostati.

Petroli: sailensi inayumba, plagi moja ina oili

Hapa tazama valvu. Ukiichomoa kwenye tapeti kava injini ikiwa sailensi na kuziba mdomo wake kwa kidole, unatakiwa uhisi mvuto mkali na usikie injini ikishuka kidogo. Ukiitikisa mkononi igonge ndani. Isiyogonga imeganda: ioshe kwa petroli, ikishindikana nunua nyingine. Valvu ina upande wake pia. Ikifungwa kinyume, gesi haipiti.

Kuna waliochoka kutafuta valvu wakaunganisha mpira moja kwa moja. Injini ikiwa sailensi mvuto wa manifodi uko juu kabisa, na valvu iliwekwa kupunguza njia wakati huo. Bila valvu hewa ya ziada inaingia, sailensi inayumba, na oili inanyonywa pamoja nayo. Kazi ya pili ya valvu wanaisahau: kabureta ikitema moto kwa kurudi nyuma, valvu hujifunga moto usifike kwenye tumbo lenye mvuke wa petroli. Hilo si jambo la kujaribia.

Plagi moja ikilowa oili na nyingine zote kavu, usianze na ringi ya silinda hiyo. Fuata mpira. Utakuta umechomekwa kwenye tawi la manifodi la silinda hiyo peke yake badala ya katikati, chini ya kabureta, ambako pumzi ingegawanywa kwa wote.

Dizeli: oili kwenye bomba la hewa, injini ikikimbia yenyewe

Dizeli nyingi hazina kibati cha kufunga hewa kama kabureta, kwa hiyo manifodi yake haina mvuto wa maana, na valvu ya petroli haina kazi humo. Mpira wake ama unashuka chini hewani, ama unaingia kwenye bomba la hewa. Huo wa pili ndio wa kuogopa. Oili ikizidi kipimo, au kile kibati cha kuzuia oili chini ya tapeti kava kikiwa kimetupwa na mtu aliyekiona hakina maana, oili nyepesi hufuata mpira na kuingia kwenye silinda. Na dizeli huunguza oili kama mafuta yake.

Kwanza unaona moshi wa buluu. Kisha siku moja injini inapandisha mwendo bila kukanyagwa. Kuvuta kebo ya kuzimia hakusaidii, kwa kuwa pampu ya dizeli haihusiki tena. Injini inakula oili yake. Kama umo ndani ya lori, tia gea kubwa, kanyaga breki hadi mwisho, achia klachi, uiue kwa nguvu. Kama uko nje, ziba mdomo wa hewa kwa ubao. Usitumie mkono, wala kitambaa, kitamezwa. Na usisimame ubavuni mwa injini.

Kabla hujaulaumu mpira, fungua eyaklina. Hizi za zamani zina bakuli la oili lenye mstari wa kipimo. Utingo mwenye bidii akijaza kupita mstari, oili hiyo nayo hunyonywa, na dalili ni zilezile. Tofauti utaiona kwenye bomba: ukichomoa mpira wa kupumulia na kuukuta ndani una ukungu tu wa oili, huku bomba la kutoka eyaklina limelowa, umempata mwenyewe.

Kwenye injini ya tabo (feni inayosukuma hewa kwenye silinda), mpira uingie kabla ya tabo, kamwe usiingie baada yake. Baada ya tabo kuna presha. Ukiunga hapo, badala ya kuitoa gesi unalijaza upepo tumbo la injini, na sili zote zitakujulisha.

Mpira safi, bado inapumua

Hawa ndio wale mashahidi wawili: kompresa ya breki na pampu ya vakyumu. Lori lenye breki za upepo lina kompresa inayopata oili kutoka kwenye injini, na oili hiyo hurudi chini kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Ringi za kompresa zikichakaa, upepo wake hushuka na oili hadi tumboni. Fungua matangi ya upepo yaishe, washa injini, tazama ubao wako wa maji wakati kompresa inajaza. Matangi yakijaa na kompresa ikaacha kusukuma, maji yakashuka ghafla, kompresa ndiyo mgonjwa. Oili ikitoka kwenye koki ya tangi unapolimwaga, huo ni ushahidi wa pili.

Dizeli ndogo zenye breki za vakyumu zina pampu inayonyonya hewa, na nyingi huitemea hewa hiyo ndani ya injini. Mpira wa breki ukitoboka, pampu hunyonya bila kukoma na kuisukuma hewa yote tumboni. Injini inapumua kama imekwisha, kosa ni mpira wa breki wenye tundu. Ubane kwa koleo karibu na pampu huku unatazama maji. Tena hiyo ni hatari ya breki, usiiache hadi kesho.

Ukivuka hapo na maji bado yako juu, sawa, pima kompresheni silinda moja moja.

Vumbi na salfa

Kati ya Juni na Agosti wakulima hupuliza mikorosho salfa dhidi ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu mweupe), na malori hubeba mifuko yake, mingine imepasuka. Unga ule ni laini kuliko vumbi la Newala. Kifuniko cha oili chenye wavu mkavu, au kilichopotea na kuzibwa kwa gunzi (nimeliona kwa macho yangu), huuruhusu uingie na kuchanganyika na oili. Vua wavu, uoshe kwa mafuta ya taa, ukauke, uchovye kwenye oili safi, uache uchuruzike, urudishe. Usijaze waya wa kusugulia masufuria mahali pa wavu. Hukatika vipande, na vipande vinashuka kwenye rokari (mikono inayofungua valvu).

Kuupitisha mpira upya

Chagua mpira unaostahimili oili na joto, wenye kipenyo cha mdomo wa injini, na kona pana. Uwe mbali na ekzosi. Matone yake juu ya bomba la moto ndiyo ile harufu inayowaumiza kichwa madereva kwenye kabini, na siku mbaya ndiyo moto wenyewe. Ufungwe kwenye chesisi kwa vikamba vya bati, usining'inie. Kama unaishia chini, mkato utazame nyuma. Ukitazama mbele, upepo na mchanga vinasukumwa ndani.

Urefu una mzozo. Madereva wa njia za Liwale wakati wa masika wanataka ncha iwe juu, na wana hoja. Injini ya moto ikizimika ndani ya maji, hewa ya tumboni hupoa na kusinyaa, ikavuta maji kupitia bomba hadi kwenye sampu. Lakini ncha ikipandishwa hadi nyuma ya feni, unyonyaji wa upepo wa barabarani unapotea. Mimi huiacha usawa wa chini ya chesisi, na kama lori limekwama majini nakagua oili kabla ya kulipiga stata.

Mjomba siku hizi, lori likiegeshwa Februari, hufunga kipande cha chandarua kwenye ncha ya bomba na kipande kingine cha chandarua hichohicho kwenye usukani, ili Oktoba atakayekaa pale ajue kuna kitu cha kufungua chini.